Somo: Kula ukiwa barabarani, kabla mwili haujazima

Mwaka jana, mwezi wa kumi, nilitoka Lubumbashi alfajiri kwa baiskeli kuelekea Luisha, kwenye barabara ya Likasi. Nilibeba chupa mbili za maji matupu na ndizi moja. Kwenda kulikuwa kuzuri. Wakati wa kurudi, nguvu ziliisha ghafla. Hakuna msuli uliouma, lakini mikono ilitetemeka juu ya usukani, jasho baridi likanitoka katikati ya jua kali, na nikakaa chini kando ya lami nisijue nifanye nini. Muuza makala (makaa) mmoja aliyekuwa akisukuma kinga yake, yaani baiskeli, yenye magunia marefu kunishinda alinifikia, akaiegemeza kwenye mti, akafungua mfuko wa plastiki, akanimegea kiazi kitamu cha kuchemsha. Kilikuwa baridi na kimeshikamana na majivu kidogo. Baada ya robo saa niliweza kupanda tena. Yule baba alikuwa amefunga chakula chake kabla ya kufunga magunia.

Tangu siku hiyo nimejifunza jambo hili kwa bidii, na naliandika hapa kwa sababu naona vijana wengi wananunua gurudumu jipya huku wakisafiri na njaa.

Kwanza mjue kinachotokea. Misuli na ini vinaweka akiba ya sukari, kwa mtu mzima kama gramu 400 hadi 500. Ukikanyaga kwa nguvu, akiba hiyo inaweza kukaribia kwisha baada ya saa mbili hivi. Mafuta ya mwili yako mengi, lakini yanatoa nguvu polepole, hayatoshi kukupandisha mlima kwa kasi. Na ubongo nao unategemea sukari, ndiyo maana mtu aliyezima anakuwa mkali, anachanganyikiwa, hata hasikii honi ya lori.

Hatua ya 1: jioni na asubuhi. Bukari (ugali) ya kutosha jioni, sombe (majani ya muhogo) isiyojaa mafuta. Asubuhi, saa mbili au tatu kabla ya kutoka, uji au mkate na chai yenye sukari. Basi.

Hatua ya 2: kuchanganya chupa. Usiangalie vinywaji vya bei ya juu. Chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Weka sukari vijiko 5 vya chakula, kila kijiko ukisawazishe kwa kisu. Hiyo ni karibu gramu 60. Weka chumvi robo ya kijiko cha chai, kamulia nusu ndimu, tikisa mpaka usione chembe chini ya chupa. Onja: chumvi isikushinde, isikike kwa mbali tu. Ukizidisha sukari ukidhani unaongeza nguvu, tumbo litavuta maji na utatafuta kichaka. Sukari ya kawaida inafaa sana kwa kazi hii, kwa kuwa ni glukosi na fruktosi nusu kwa nusu, na utumbo unazipokea kwa milango tofauti.

Hatua ya 3: cha kutafuna. Ndizi moja ya wastani iliyoiva ina wanga wa gramu 25 hivi. Viazi vitamu vya kuchemsha vinafaa. Mimi napenda wali: upike uwe laini, tia sukari na chumvi kidogo, ukandamize kwenye sahani, ukipoa ukate vipande vya vidole viwili. Karanga ziache nyumbani. Ni chakula kizuri, lakini mafuta yake yanakaa tumboni muda mrefu.

Hatua ya 4: saa ndiyo inayoamua. Hapa ndipo wengi tunashindwa. Anza kula ndani ya dakika 30 za kwanza, wakati bado unajisikia simba. Kunywa kidogo kila dakika 15, tafuna kila nusu saa. Lengo ni gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Tumbo lililozoeshwa linaweza kufika 90 katika safari ndefu sana. Weka simu ilie. Asubuhi za mwezi wa sita na wa saba, kwa ile baridi yetu, kiu haiji kabisa, lakini jasho linakutoka chini ya koti.

Hatua ya 5: zoesha tumbo. Barabara ya Kipushi ni kama kilomita 30 kwenda, inatosha kwa majaribio. Kila juma, safari moja kula kama siku ya mashindano. Usijaribu kitu kipya siku yenyewe.

Maswali ya wanachama wa klabu yetu (kwenye mabano ni komini za Lubumbashi wanakotoka)

*Yaya, naweza kuweka munkoyo, kile kinywaji cha mahindi na mzizi, ndani ya chupa? (Katuba)*

Ule wa siku ya kwanza, mtamu, una sukari kweli, maana mzizi unavunja wanga wa mahindi. Lakini ni mzito, na ndani ya chupa juani unaendelea kuchacha mpaka unakuwa pombe. Unywe ukisharudi nyumbani.

*Mimi ni mama, najiandaa kwa triatloni ya mita 1,500 majini, kilomita 40 za baiskeli na 10 za mbio. Nile wapi? (Kampemba)*

Mama, kula juu ya baiskeli, hasa nusu ya kwanza. Ukianza kukimbia tumbo linarukaruka, hapo linapokea vinywaji vidogo tu. Kilomita 5 za mwisho za baiskeli usitafune kitu.

*Nitajuaje kama ninakunywa vya kutosha? (Ruashi)*

Jipime uzito kabla na baada. Kilo moja iliyopungua ni karibu lita moja ya jasho ambayo hukuirudisha. Na kama uzito umeongezeka, umekunywa kupita kiasi. Maji mengi matupu yanapunguza chumvi ya damu, na hiyo ni hatari.

*Juma hii tunafunga kanisani, lakini Jumamosi kuna safari ya kilomita 100. (Kenya)*

Ndugu yangu, funga kwa amani. Panda saa moja tu, kwa mwendo ambao unaweza kuongea bila kuhema. Ile 100 tutaifanya pamoja juma ijayo, mimi nitabeba wali.