Spika za bapa na bajeti ya kuunga unga: amplifaya gani itazisukuma

Shemeji yangu alivyorudi kutoka masomoni Marekani alikuja na pea ya Magnepan LRS, yale maspika bapa yasiyo na boksi wala koni, ukiyaona kwa mbali unadhani ni paravani ya wodini. Sebule yake kule Ilazo ni ndogo, mkewe akagoma kabisa, akasema hayo mageti yatoke, basi yakahamia kwangu mtaa wa Kisasa, hapa hapa Dodoma. Mimi nikafurahi kama mtoto wa Idi. Nikayafunga kwenye resiva yangu ya kuangalizia muvi, ile ya chaneli tano imeandikwa mbele wati 1000 kwa herufi za kung'aa, nikaweka muheme, ngoma za Wagogo, niliyorekodi mwenyewe kwa simu kwenye sherehe kijijini, kina mama wakizichapa. Nikapandisha sauti kidogo, nikapandisha tena, haijafika hata dakika nikasikia ndani ya resiva "ta!" halafu kimya, kioo kikaandika PROTECT, yaani imejizima kujilinda.

Nikajua spika ni mbovu. Kumbe spika ziko fiti, mbovu nilikuwa mimi na wati zangu 1000.

Spika ya kawaida ina koili ndogo inasukuma koni. Hizi za bapa, kwa mfano za hao Magnepan wa Minnesota ambao wako kazini tangu 1969, zina karatasi pana (ndo panel yenyewe) ya plastiki nyembamba iliyobandikwa waya au ukanda wa alumini juu yake, na sumaku zimepangwa kwa mistari upande mmoja. Umeme ukipita karatasi nzima inatetema, sauti inatoka mbele na nyuma. Utamu wake uko hapo, sauti ya mtu inakaa sebuleni kama mtu mwenyewe kasimama. Ubaya ni kwamba zinakula umeme mwingi na zinatoa sauti kidogo.

Kwenye karatasi ya LRS utakuta namba mbili za kushika: omu 4, yaani jinsi spika inavyozuia umeme (omu chache, umeme mwingi unavutwa), na desibeli 86, yaani ukubwa wa sauti inayotoa. Hiyo 86 usiifurahie haraka maana imepimwa kwa volti 2.83, na volti 2.83 kwenye spika ya omu 8 ni wati 1 ila kwenye omu 4 ni wati 2 (zidisha volti kwa volti halafu gawa kwa omu, utaona). Kwa hiyo kwa wati 1 ni desibeli 83 tu. Zile spika za ukumbini zenye honi zinacheza 97 au zaidi kwa wati hiyo hiyo moja, ndo maana amplifaya ndogo inaonekana shujaa kule halafu huku inazimia.

Sasa piga hesabu ya sebule yako. Wati 2 zinakupa 86 ukiwa mita 1, ukikaa mita 3 toa kama 6, spika ziko mbili ongeza 3, umebaki na 83 kwenye kochi. Hiyo ni sauti nzuri ya kusikiliza, lakini muziki haukai sehemu moja, ngoma ikipigwa inaruka desibeli 15 mpaka 20 juu ya wastani kwa nukta ya sekunde. Na kila desibeli 3 unazoongeza wati zinadabo: 4, 8, 16, 32, 64, 128. Umeona? Kuongeza desibeli 18 tu umetoka wati 2 mpaka 128, kwa kila upande, na uwe nazo kweli, sio za kwenye boksi. Mimi naseminisha watu hivi: kwa sebule ya kawaida tafuta wati 150 mpaka 300 kwenye omu 4, chini ya 100 utaishia kusikiliza taarabu ya polepole na taarifa ya habari.

Na hapa ndo penye siri yote, wengi wanaipita. Usiulize "ina wati ngapi", uliza ina wati ngapi kwenye omu 8 na ngapi kwenye omu 4. Amplifaya inatoa volti, spika ndo inaamua ivute ampea ngapi. Omu zikipungua nusu, ampea zinadabo, na wati zinatakiwa zidabo pia kama transfoma na kapasita za ndani zina ubavu. Amplifaya ya bei ya chini ni nadra kudabo kamili, lakini iongezeke vya kueleweka. Crown XLS 1002 kwenye karatasi ni 215 kwa omu 8 na 350 kwa omu 4, XLS 1502 ni 300 na 525, hizo zinapumua. Ukikuta mashine imeandikwa namba ya omu 8 tu, au omu 6 tu, na omu 4 wamekaa kimya, ujue wanaficha kitu. Ukikuta PMPO, zile wati za kutia chumvi za matangazo, wewe rudisha boksi kwenye shelfu uendelee na safari yako.

Resiva za muvi nazo zina swichi nyuma imeandikwa 4 na 8, watu wanadhani ukiweka 4 inakuwa na nguvu zaidi. Mara nyingi ni kinyume, inapunguza volti za ndani ili isiunguze, yaani inakuwa dhaifu zaidi. Transfoma moja imegawanywa kwa chaneli tano au saba, unategemea nini.

Kuna jambo moja la kuwatetea hawa Magnepan. Watu wanawatisha wenzao eti lazima ununue mashine ya bei ya kiwanja cha Nzuguni. Si kweli. Mzigo wao ni omu 4 karibu muda wote, umenyooka, hauna vituko vya kupanda na kushuka, kwa hiyo amplifaya yoyote imara kwenye omu 4 inawaweza. Wenye vituko ni wale wa bapa wa aina nyingine, zile za elektrostatiki kama MartinLogan au Quad za zamani, zile kwa umeme zinafanana na kapasita, sauti nyembamba ikipanda omu zinashuka, zingine zinafika karibu na 1. Ukiwa nazo hizo hii hesabu yangu usiikopi ilivyo, na Quad ya 1957 usiipe amplifaya kubwa kabisa, volti zikizidi inapiga cheche ndani na panel inakufa.

Kwa hiyo kwa mfuko wetu njia ziko tatu naona.

Ya kwanza ndo niliyopita mimi: amplifaya ya ukumbini ya mtumba. Makanisa na wapigaji wa maharusi kila siku wanabadilisha vyombo, wanataka kubwa zaidi, ya zamani wanaitupa kwa bei ya kutupa. Hizi zimezoea omu 4 mpaka na omu 2, zimezoea kupigwa kuanzia mkesha mpaka ibada ya tatu, sebuleni kwako zitakuwa likizo. Ya kwangu niliipata Kariakoo nikarudi nayo na SGR nimeipakata kama mtoto, kilo zaidi ya kumi, abiria wa pembeni ananiuliza kama ni betri ya lori.

Ya pili ni klasi D za kisasa, aina ya amplifaya isiyopoteza umeme mwingi kwa joto, zenye moduli za Hypex kutoka Uholanzi. Ile NC252MP inatoa wati 150 kwa omu 8 na 250 kwa omu 4, haina feni, moduli yenyewe haifiki uzito wa pasi, kwa hiyo mtu akikuletea kutoka nje mzigo hauumi. Sauti yake safi sana, kimya kabisa. Kama unaweza kusubiri na kudunduliza mimi ningekwambia nenda hapa ufunge mjadala.

Ya tatu ni vile viboksi vidogo vya saizi ya kiganja vinavyouzwa mtandaoni. Sio vibaya, ila soma chaja yake kabla hujasoma boksi. Imeandikwa wati 300 mara mbili, chaja imeandikwa volti 48 ampea 5. Zidisha: 240. Sasa wati 600 zinatoka wapi kwenye chaja ya 240, wanachimba Geita? Kwa LRS kwenye chumba kidogo na sauti ya kistaarabu kitakupeleka, na ni bora mara mia kuliko resiva yangu ile, ila muheme usiweke.

Mtego mwingine: briji. Utaambiwa nunua mbili ndogo, ziunganishe briji, yaani chaneli mbili za kila mashine zisukume spika moja kwa pamoja, wati zinakuwa mara tatu. Ukiweka briji, kila nusu ya amplifaya inaona nusu ya omu za spika, yaani spika yako ya omu 4 inageuka omu 2. Angalia nyuma ya mashine, nyingi zimeandikwa kabisa briji omu 8 tu. Duka moja mjini hapa waliniapia kwamba haina shida, nikawaambia basi tujaribu kwa mashine yenu, wakacheka tukaachana.

Kama unanunua mtumba, nenda na mita yako, hata ile ya bei ndogo ya mafundi wa Majengo inatosha. Washa amplifaya bila kuchomeka muziki wowote, volumu zote chini, subiri dakika tano, weka mita kwenye volti za DC halafu gusa chanya na hasi za kutolea sauti, upande mmoja kisha wa pili. Ukisoma milivolti chini ya 50 safi. Ukisoma volti nzima, moja au mbili, mwambie muuzaji asante mzee unaondoka, maana huo ni umeme wa mfululizo unaoingia kwenye spika hata kukiwa kimya, ule waya mwembamba unachemka taratibu na panel haina fundi Dodoma hii. Kisha nusa. Kweli, weka pua kwenye matundu, harufu ya kuungua haifichiki. Angalia kichwa cha skrubu, kama zimekwanguliwa imeshafunguliwa mara nyingi, omba muifungue pamoja uone kama transista zote za mstari mmoja zinafanana namba. Moja ikiwa na maandishi tofauti basi iliungua ikabadilishwa kwa iliyokuwepo.

Tatizo la amplifaya za ukumbini ni feni. Sebuleni usiku utaisikia kama bajaji imepaki dirishani. Nyingine feni inaongeza spidi kadri inavyopata moto, hizo zinavumilika. Mimi niliiweka kwenye rafu ya korido nikapitisha waya. Na kwetu hapa kuna vumbi, kuanzia Juni upepo ukianza vumbi jekundu linaingia hata kwenye sukari, feni inalivuta lote ndani na kulibandika kwenye hitsinki, yale mabati ya kupoza. Chukua soksi ya naironi ya kina mama, ivalishe kwenye tundu la kuingizia hewa, kila baada ya wiki mbili ivue uikung'ute. Utashangaa.

Umeme sasa. Mtumba wa Marekani ni volti 120, wa kwetu ni 230, ukichomeka bila kuangalia unapata moshi na somo kwa pamoja. Geuza nyuma usome. Kama ni 120 tupu utahitaji transfoma ya kushusha, na isiwe ile ya kunyolea nywele, kwa amplifaya ya saizi tunayoongelea tafuta ya VA 1000 kwenda juu. Stebilaiza nayo hivyo hivyo.

Waya usiibiwe. Waya wa shaba wa 2.5 wa kufungia umeme wa nyumba, mita tatu kila upande, upotevu wake ni kama asilimia 1 tu kwenye omu 4, inatosha kabisa. Ila kwaruza kwa wembe kwanza, kama ndani ni nyeupe hiyo ni alumini imepakwa rangi ya shaba. Simu kuiunganisha moja kwa moja na amplifaya ya ukumbini mara nyingi haitoshi nguvu, weka dac ndogo (kifaa cha kugeuza sauti ya dijitali ya simu kuwa umeme wa kuingia kwenye amplifaya) ya kutoa volti 2 katikati, na kama mashine ina swichi ya kuchagua volti za kuingiza sauti, 0.775 au 1.4, anza na 1.4, mluzi wa nyuma unapungua.

Spika zenyewe zitoe ukutani angalau mita moja, zinapiga nyuma pia, ukizibandika ukutani umeua kazi yote. Besi ya LRS inaishia kwenye hezi 50 hivi, ukitaka chini ya hapo ongeza sabufa, usilazimishe amplifaya.

Kuwasha, anza na dac na miksa, amplifaya iwe ya mwisho. Kuzima, amplifaya iwe ya kwanza. Na umeme ukikatika katikati ya wimbo inuka uzime swichi ya amplifaya hapo hapo gizani, usisubiri, maana ukirudi vitu vyote vinaamka pamoja na ule mshindo wa "dup!" unaingia mzima mzima kwenye panel.