Gemu za kutisha: uweke levo gani, na risasi uzitumieje

Kila nikimwazima mtu gemu ya kutisha swali ni lile lile, "niweke levo gani?", na wengi kabla sijajibu wameshabonyeza ile ngumu kuliko zote kwa sababu washkaji wako nyuma wanaangalia. Nusu saa baadae pedi imetupwa kwenye kochi, jamaa anasema gemu mbaya. Gemu haina shida, we ndo umeanzia pabaya.

Nachukua Resident Evil 2, ile ya 2019 sio ya 1998, maana nimeimaliza mara nyingi mpaka korido za kile kituo cha polisi unachozunguka humo nazijua kama za kwetu. Ina levo tatu. Assisted inakusaidia kulenga, damu, yaani uhai wako, inajirudisha yenyewe kiasi, afu mazombi yanakuwa laini. Standard ndo ya kawaida, ukifika sehemu fulani inajiseivu. Hardcore haijiseivu, unaenda mwenyewe kwenye taipureta na kila ukiseivu unatumia utepe mmoja wa wino, na hizo tepe ni za kuokoteza, zina idadi yake, huku zombi akikung'ata mara mbili tatu tu ushaondoka.

Sasa kwenye kuchagua, usijiulize we ni mkali kiasi gani, jiulize ukifa uko tayari kurudia dakika ngapi. Mimi mara ya kwanza niliingia Hardcore kwa kiburi, nikakaa karibu saa nzima nabania utepe, kila nikipita kwenye taipureta nasema ngoja nimalizie na hiki chumba, mara paap, umeme umekatika. Nikabaki nimeshika pedi gizani kama mjinga, saa nzima imeenda na hakuna zombi hata mmoja wa kumlaumu. Kwa hiyo kama kwenu umeme ni wa kubahatisha, au unacheza usiku mara mojamoja baada ya kazi, anza na Standard bila aibu. Ukiona unakufakufa sana, gemu yenyewe inakuuliza kama ushuke Assisted. Shuka, nani anajua.

Ila zipo gemu zinazotenganisha. Silent Hill 2, ya zamani ya 2001 na hii ya 2024, unachagua ugumu wa mapigano peke yake na ugumu wa mafumbo peke yake. Hapo kama mkono mzito ila kichwa kinachemka, weka mapigano chini mafumbo juu. Mi nafanya kinyume, maana mafumbo yananitoaga jasho kuliko majini yenyewe.

Haya, kupigana, narudi Resident Evil 2. Kitu kinachowaua watu wengi ni kudhani kila zombi ni lazima afe, wanakuja na akili za gemu za vita, wanamwaga risasi mpaka chumba kiko safi, afu vyumba viwili mbele bastola inalia tik tik. Huku risasi ni nauli. Unalipa ili upite, hulipi ili ushinde. Zombi akiwa kwenye korido utakayopita mara kumi, huyo lipa ummalize. Akiwa kwenye chumba ambacho ramani imeshakuwa bluu, yaani hamna kitu kilichobaki humo, wa nini? Mpige mguu aanguke, pita, funga mlango.

Na ukipiga, piga umesimama. Angalia ile alama ya kulengea, ukitembea inatanuka, ukitulia sekunde moja inabana, na risasi iliyotoka ikiwa imebana inauma zaidi. Najua zombi anakuja na mdomo wazi na vidole vinataka kubonyeza tu, ila hesabu moja, mbili, ndo uachie. Risasi tatu za utulivu zinashinda saba za uoga, kabisa. Akianguka usimwamini. Kama kichwa hakijapasuka, mchome kisu pale chini, akishtuka ujue bado yupo, anakusubiri ugeuke. Kisu kinalika kwahiyo usikimalizie hapo chote, maana ukikamatwa ndo kinakutoa, unamdunga mwenyewe hajakung'ata. Afu ukikuta mbao ziba madirisha mapema, wale wa nje wanaingiaga kweli.

Licker, yule aliyechunwa ngozi anayetambaa kwenye dari, ni kipofu lakini anasikia kinoma. Hapo usikimbie, sukuma fimbo ya pedi kidogo tu, tembea taratibu umejibana ukutani. Mara ya kwanza nilipita karibu yake hivo huku hata mimi mwenyewe nimebana pumzi hapa sebuleni.

Mr. X, lile jitu kubwa linalokuwinda humo kituoni, yeye hafi, acha kupoteza shotigani kwake. Ukimlipua sana anapiga goti kidogo, afu anainuka. Ana miguu mizito unamsikia akija, na mlio wa bunduki unamwita, kwahiyo ukisikia vishindo acha kupigapiga ovyo. We una mbio kuliko yeye, zunguka, ingia chumba kidogo chenye taipureta. Ukumbi mkubwa wa mbele una taipureta pia ila pale anaingia, usije ukasema sikukwambia.

Dawa nayo, jani la kijani usile peke yake kama una subira, changanya na jekundu inajaza damu yote na begini inakaa nafasi moja badala ya mbili. Unaanza na nafasi nane tu begini, kwahiyo hilo sio jambo dogo.

Ukihamia Dead Space, gemu nyingine ya kutisha, geuza kila kitu, kichwa hakina maana, kata mikono na miguu. Mwanzoni kabisa wameandika ukutani kwa damu, watu wanapita hawasomi.

Na mabosi, hapo ndo ufungue mkoba. Birkin, bosi wa Resident Evil 2, lenga lile jicho kubwa, mwagia vyote ulivyobania, mabomu, shotigani, vyote. Dogo mmoja nilimwona kafa mara nane kwa Birkin, kumbe kwenye sanduku kaacha mabomu matatu anasema anayatunza.