Somo: Fremu ya zamani ya baiskeli ya titaniamu, orijino au feki?

Wakuu, picha za fremu za kijivu zinaingia kwangu kila mara kutoka Mwanjelwa, Makambako na Iringa mjini, na swali ni lilelile: "Hii titaniamu kweli?" Kwa picha siwezi kujibu, na hakuna fundi mkweli atakayejibu. Naandika hapa mara moja, soma ukiwa na fremu mkononi. Watu wanatoa hela nzito kwa alumini iliyosuguliwa ikang'aa, na inaniuma.

Kuna maswali mawili hapa, usiyachanganye. Je, ni titaniamu? Na je, imetengenezwa na kampuni iliyoandikwa juu yake? Stika haijibu lolote. Stika za Litespeed na Merlin, watengenezaji wa fremu za titaniamu wa Marekani, zinachapishwa na kuuzwa peke yake.

1. Osha. Toa siti na bomba lake, toa ekseli ya pedeli na bakuli zake.

2. Pitisha sumaku kwenye mabomba ya fremu. Ikinasa, ni chuma, mrudishie mwenyewe. Foki usiihesabu, kwa sababu fremu nyingi za zamani zilifungwa foki ya chuma au kaboni.

3. Tafuta kutu. Titaniamu haishiki kutu hata ikilala nje masika yote.

4. Zungushia kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto upande mmoja wa bomba, kisha shika pembeni yake. Alumini hupitisha joto upesi sana, vidole vitalisikia mara moja. Titaniamu hupitisha joto kwa shida. Asubuhi za baridi za Juni huku kwetu kipimo hiki kinajieleza vizuri zaidi.

5. Kostiki soda, ile ya watengeneza sabuni. Hapa ndipo watu wanaharibu, kwa hiyo twende taratibu. Kwaruza kidogo sana ndani ya kibomba cha pedeli, mahali pasipoonekana, hadi uone metali tupu. Ukiweka juu ya rangi au juu ya ule utando mgumu wa alumini iliyotiwa rangi kiwandani, hakuna kitakachotokea haraka, nawe utadanganyika kwamba umepata titaniamu. Weka tone moja. Alumini itachemka mapovu na kuanza kuwa nyeusi. Titaniamu itatulia. Suuza kwa maji mengi mara tu ukishaona jibu. Vaa glavu na miwani, kostiki inapofusha. Unapochanganya, tia kostiki kwenye maji, usimwagie maji juu ya kostiki. Usifanye mbele ya watoto, wala usiihifadhi kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa.

6. Mizani. Stenlesi (chuma kisichoshika kutu) nayo hukwepa sumaku na kostiki, ila uzito unaiumbua: sentimita moja ya ujazo ya titaniamu ni gramu 4.5, ya stenlesi karibu 8. Fremu nyingi za titaniamu za mbio, bila foki, ziko kati ya kilo 1.3 na 1.7.

7. Umri. Muuzaji akisema ni ya 1990, angalia kama ina vishikio vya breki za diski au kichwa (bomba la mbele linalopokea foki) kinachopanuka kuelekea chini. Kichwa cha namna hiyo kilienea miaka ya 2000 kwenda mbele. Pima pia nafasi ya gurudumu la nyuma, kati ya ncha mbili za fremu zinazoshika ekseli yake: baiskeli za mbio za miaka ya 1990 ni milimita 130, zilizotangulia nyingi ni 126.

8. Maungio. Titaniamu huchomelewa ndani ya gesi ya agoni. Mshono mzuri una mawimbi madogo yaliyolingana, rangi ya fedha au manjano hafifu. Bluu iliyokolea au unga mweupe ni hewa iliyoingia, na mshono huo hukatika.

9. Namba ya fremu. Soma chini ya kibomba cha pedeli au kwenye ncha za nyuma, kisha mwandikie mtengenezaji.

MASWALI

Mdau, Mafinga: Mkuu, nimetuma picha inbox, niambie tu ndiyo au hapana.
Jibu: Soma aya ya kwanza.

Mdau, Tunduma: Fundi wangu anapima kwa grainda. Cheche zikiwa nyeupe kali ni titaniamu. Mbona hujaiweka?
Jibu: Cheche nyeupe ni kweli. Lakini bomba la fremu ni jembamba, na alama ya grainda ndipo ufa utakapoanzia. Sijaisahau, nimeiacha.

Dada mmoja, Uyole: Shikamoo kaka. Vipimo vyote vimepita, imeandikwa Merlin. Basi ni Merlin?
Jibu: Marahaba dada, swali zuri. Bado. Umethibitisha metali tu. Fremu za titaniamu zisizo na jina zipo nyingi, na stika ya Merlin inapandisha bei. Merlin ilianza 1986 Massachusetts, baadaye ikachukuliwa na kampuni mama ya Litespeed, ya Tennessee, kwa hiyo hata orijino hazifanani zote. Linganisha ncha za nyuma, maungio na namba na picha za mwaka huohuo. Nitumie namba, tutafuatilia pamoja.

Mdau, Iringa: Yangu ni orijino ila bomba la siti la alumini limeganda ndani, halitoki.
Jibu: Alumini ndani ya titaniamu hugandana ikikaa na unyevu bila grisi. Kostiki huila alumini ikaiacha titaniamu, na mafundi wengine hulitoa hivyo. Ila kazi hiyo inatoa joto na gesi inayolipuka, ifanyike nje, mbali na moto, kwa fundi anayeijua. Anza na mafuta ya kupenya siku kadhaa.

Mdau, Iringa: Likitoka nipake grisi gani?
Jibu: Ile ya kuzuia nyuzi za skrubu zisigandane, yenye shaba au alumini. Uitoe na kuipaka upya kila mwaka, masika yakiisha.