Kujua msitu wa kijiji una nini: ramani, ploti na hesabu katika miombo

Kijiji kinachotaka kutangaza msitu wake wa hifadhi chini ya Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 kinahitaji mpango wa usimamizi, na mpango wa maana hauandikiki bila takwimu: hekta ngapi, miti gani, mita za ujazo ngapi. Tathmini ya kitaifa, NAFORMA, ilikuta Tanzania Bara ina hekta milioni 48.1 za misitu. Lakini ploti zake (vipande vidogo vinavyopimwa kwa niaba ya msitu wote) zilipangwa kujibu maswali ya nchi nzima. Msitu wa kijiji wenye hekta 1,600 unaweza kuangukiwa na ploti mbili tatu, au usiangukiwe na hata moja. Ndiyo maana kijiji hupima chenyewe, kikiwa na afisa misitu wa wilaya. Maelezo haya yanachukulia msitu wa ukubwa huo, wa miombo, na timu moja ya watu sita.

Mpaka

Mpaka hutembelewa kwa miguu, na hautembelewi na kijiji kimoja. Kamati ya maliasili ya kijiji iende na wazee wanaoujua mpaka pamoja na wawakilishi wa kijiji jirani, na makubaliano yaandikwe kwenye muhtasari na kusainiwa siku hiyohiyo. Chukua pointi ya GPS kila baada ya mita 30 hadi 50 na kwenye kila kona. Simama kwenye pointi angalau dakika moja mashine itulie. Ukiiacha irekodi yenyewe huku unatembea haraka chini ya majani, mstari utapindapinda kama nyoka na eneo litaongezeka au kupungua bila sababu.

Kabla ya kutoka ofisini, hakikisha GPS iko kwenye WGS84 (mfumo wa kuonyesha mahali unaotumiwa na GPS), na ukitumia UTM, yaani vipimo vya mita vinavyogawa dunia kwa kanda, chagua kanda sahihi: Kilosa, Kilwa na Liwale ziko kanda 37 Kusini (namba EPSG 32737 kwenye QGIS, programu ya ramani), Tabora iko 36 Kusini (EPSG 32736). Ramani za zamani za 1:50,000 zimechorwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani. Ukichanganya mifumo hii miwili, kila kitu kinahama kama mita 300. Dalili yake ni rahisi kuiona: mto uliotembea kandokando yake unaonekana pembeni ya njia yako, kwa umbali uleule na upande uleule, mwanzo hadi mwisho. GPS yako ni nzima, ila mifumo imechanganyika. Na mita 300 ndani ya mashamba ya jirani ni kesi.

Kugawa msitu kwa picha

Picha za setilaiti ya Sentinel-2 ni za bure na kila nukta yake ni mita 10 ardhini, inatosha kabisa. Kinachowaponza wengi ni tarehe. Miombo hupukutisha majani. Picha ya Septemba inaonyesha msitu mzuri kama shamba lililovunwa, na maeneo yaliyoungua kama vivuli. Picha ya Januari imejaa mawingu. Chukua ya Mei au mwanzo wa Juni: mvua zimekwisha, nyasi zinaanza kukauka, miti bado ina majani, hivyo mti na nyasi vinatofautiana rangi.

Gawa msitu katika mafungu matatu au manne, basi: miombo mnene, miombo wazi, msitu wa kando ya mto, na sehemu zilizolimwa au kukatwa kwa mkaa. Mafungu saba yanapendeza kwenye ramani, lakini kila fungu linadai ploti zake, na ploti ni siku za kazi.

Ploti ngapi, na ziwekwe wapi

Anza na ploti 8 hadi 10 za majaribio ili kujua ujazo unavyotofautiana kutoka sehemu moja hadi nyingine. Kwenye miombo, mchepuko sanifu (kipimo cha jinsi ploti zinavyoachana na wastani) wa asilimia 60 ya wastani si jambo la kushangaza. Hesabu yenyewe: zidisha asilimia hiyo kwa 2, gawanya kwa asilimia ya kosa unalokubali, kisha zidisha jibu kwa lenyewe. Ukikubali kosa la asilimia 15, ni 120 kugawanya kwa 15, yaani 8; nane mara nane ni ploti 64. Ukitaka asilimia 10, ploti zinapanda hadi 144. Mfadhili anayedai asilimia 5 aonyeshwe hesabu hii kabla ya kuonyeshwa bajeti.

Hekta 1,600 kwa ploti 64 ni hekta 25 kila ploti, yaani gridi ya mita 500 kwa 500. Pointi ya kwanza ipatikane kwa bahati nasibu, kwa vikaratasi kwenye kofia au namba za kompyuta. Zilizobaki zinaifuata kwa umbali uleule. Mito na vilima vikielekea kaskazini–kusini, geuza gridi kidogo, la sivyo mstari mzima wa ploti unaweza kuangukia bondeni.

Kisha sheria moja isiyo na mjadala: ploti haihamishwi. Ikiangukia kwenye shamba jipya la ufuta, inapimwa na kuandikwa sifuri. Ikiangukia kwenye kichaka cha miiba, panga zinatoka. Ikikatwa na mpaka wa msitu, pima sehemu iliyomo na uandike asilimia yake, usiisukume ndani. Tathmini nyingi mbovu zimeharibika hapa, na haionekani kwenye fomu: timu imesogea mita 40 tu kukwepa kichaka, mara ishirini.

Ili jicho lisichague kitovu, fuata GPS mpaka umbali uliobaki uwe kama mita 20, kisha weka GPS mfukoni na umalizie kwa dira na tepu. Panga likae mbali na dira. Chuma huvuta sindano, na mshika dira ndiye mara nyingi mwenye panga mkononi.

Ndani ya ploti

Ploti ni duara tatu zenye kitovu kimoja. Ndani ya mita 5, pima miti yote yenye kipenyo cha sentimita 5 na kuendelea. Kati ya mita 5 na 10, ile ya sentimita 10 na zaidi. Kati ya 10 na 15, ya sentimita 20 na zaidi. Mantiki ni kwamba miti midogo ni mingi, haina haja ya kuihesabu eneo kubwa.

Tumia tepu ya nyuzi za kioo kwa nusukipenyo. Kamba ya manila yenye mafundo ni rahisi, lakini hurefuka ikivutwa: mita 15 ikiwa 15.6, eneo la ploti limeongezeka kwa asilimia 8 na msitu wako umenenepa bila mvua. Kwenye mteremko, umbali unaohitajika ni wa mlalo. Mteremko wa digrii 20 unahitaji tepu ya mita 15.96, wa digrii 30, mita 17.32. Mti ulioko mpakani unaingia kama katikati ya shina lake iko ndani. Kitazamwe kitako cha shina, matawi yasikudanganye.

Kipenyo kinapimwa mita 1.3 kutoka ardhini, kwa fimbo iliyokatwa urefu huo, siyo kwa kifua cha mpimaji. Kwenye mteremko simama upande wa juu. Mti uliogawanyika chini ya mita 1.3 ni miti miwili; uliogawanyika juu yake ni mmoja. Palipo na nundu au kovu, panda sentimita 30 juu yake na uandike hivyo. Gome lililoanza kubanduka na mimea inayoparamia shina viondolewe kwanza.

Sasa kosa ambalo linapaswa kuonyeshwa kwa mfano, maana limeharibu takwimu za watu wengi. Baadhi ya tepu zina upande wa kipenyo na upande wa kawaida. Nyingine, hasa za fundi cherehani, hupima mzunguko tu. Mninga wa kipenyo cha sentimita 30 una mzunguko wa sentimita 94. Chukua mlinganyo unaotumika sana kwa miombo: ujazo = 0.0001 × D^2.032 × H^0.66, D ikiwa kipenyo kwa sentimita na H urefu kwa mita. Mninga huo ukiwa na urefu wa mita 12, ujazo wake ni mita za ujazo 0.52. Andika 94 kwenye safu ya kipenyo, unapata 5.27. Mti mmoja umezaa kumi. Kwa hiyo fomu iwe na safu mbili, moja ya mzunguko na moja ya kipenyo, na kugawanya kwa 3.14 kufanyike ofisini, siyo kichwani porini.

Urefu hupimwa kwa miti mitatu kila ploti: mdogo, wa kati na mkubwa. Simama mita 15 au 20 kutoka kwenye mti, soma ncha na kitako. Mti ulioinama upimwe ukiwa ubavuni mwake, siyo unakoelekea wala unakotoka.

Majina ya miti ni kazi ya mtu mmoja anayeyajua, mara nyingi mzee, naye alipwe sawa na wengine. Kabla ya siku ya kwanza, kaeni naye mtengeneze orodha ya majina ya kienyeji na ya kisayansi. Jina moja linaweza kubeba miti miwili, na mti mmoja ukawa na jina tofauti kila tarafa. Mninga una utomvu mwekundu ukikwaruzwa na tunda lenye bawa la duara na miiba katikati. Kwa huo hakuna ubishi. Penye ubishi, kata tawi lenye majani, libane ndani ya gazeti, andika namba ya ploti. Usiandike "mti mwingine" kama hukuchukua tawi.

Pima na visiki pia: jina, kipenyo, kipya au cha zamani. Hivyo ndivyo kamati itakavyojua kinachotoka usiku.

Kwenye kitovu, zika kipande cha nondo kiasi cha kutoonekana, kisha andika mwelekeo na umbali wa miti mitatu ya karibu. Kigingi kinachoonekana kina hasara mbili. Watu huacha kukata kwenye ploti tu, nayo ikakoma kuwakilisha msitu. Au wauza chuma chakavu wanakuja kukichukua.

Timu iliyozoea inamaliza ploti 6 kwa siku, hivyo 64 ni siku 11 za porini. Fanya kazi hiyo kati ya Mei na Julai, kabla ya moto na kabla majani hayajaanguka. Ploti 5 kati ya hizo zipimwe tena na watu wengine wasioona fomu za kwanza.

Mpingo hauhesabiki hivi

Ploti 64 za nusukipenyo cha mita 15 zinafunika hekta 4.5 tu, yaani asilimia 0.28 ya msitu. Kwa miti ya miombo iliyotapakaa kila mahali, inatosha. Mpingo hukaa kwa makundi na ni mchache. Ploti zote 64 zinaweza kurudi na mitano, au na kundi moja linalofanya kijiji kijione tajiri. Kwa kuwa timu inatembea mistari ya gridi hata hivyo, tumia mwendo huo: mkuza, yaani ukanda wa kuhesabia, wa mita 20 kila upande. Mistari ya mwelekeo mmoja iliyoachana mita 500 ni kilomita 32, na mkuza wa mita 40 unafunika hekta 128, asilimia 8. Hesabu kila mpingo wenye kipenyo cha sentimita 15 na zaidi, zidisha jumla kwa 12.5. Mti unaoonekana kuwa kati ya mita 18 na 22 upimwe kwa tepu. Macho hupenda kuuingiza.

Hesabu

Kila mti unazidishwa kulingana na duara lake ili upate kiasi kwa hekta: 127.3 kwa duara la mita 5, 31.83 kwa la mita 10, 14.15 kwa la mita 15. Kigezo ni ukubwa wa mti, siyo mahali uliposimama: mti wa sentimita 30 ulioko mita 3 kutoka kitovuni bado unazidishwa kwa 14.15. Wanaokosea hapa huupa 127.3 na kuongeza mara tisa. Mninga wetu wa 0.52 ni mita za ujazo 7.4 kwa hekta. Huo ni ujazo wa mti, siyo wa mbao.

Jumlisha ploti kwa ploti, kisha tafuta wastani wa ploti, zikiwemo zile za sifuri. Tuseme wastani ni 52, mchepuko sanifu 31. Gawanya 31 kwa 8 (kipeuo cha pili cha 64), zidisha kwa 2: unapata 7.75. Msitu una kati ya mita za ujazo 44 na 60 kwa hekta. Kiasi cha kuvuna kikokotolewe kutoka 44. Mfanyabiashara atapenda 60, na mjumbe mmoja wa kamati huenda akapenda pia.

Kwa mkutano mkuu wa kijiji, usipeleke jedwali hilo. Badili hekta kuwa ekari (hekta 1 ni ekari 2.47), chora ramani kubwa yenye majina ya mito na njia wanazozijua, na kwa kila mti wa biashara onyesha makundi mawili: iliyofikia kipenyo cha kuvunwa kwa mujibu wa kanuni zinazotumika mwaka huo, na ambayo bado. Fomu za porini zipigwe picha kurasa zote, nakala moja ibaki kwa mtendaji wa kijiji na nyingine wilayani. Baada ya miaka mitano mtarudi kwenye nondo zilezile, na bila fomu hizo hamtazipata.