Somo: Namna ya Kutembelea Kivuko cha Vita cha Mto Lufira Ukitokea Lubumbashi

Wengi wetu tumepita juu ya daraja la Lufira tukienda Likasi, tumebanwa kati ya malori mawili ya shaba, bila kujua kwamba hapo askari walipigania kuvuka mara mbili katika muda usiofika miezi 16. Somo hili ni la yule anayetaka kushuka kwenye gari na kupatazama vizuri.

Hatua ya kwanza ni kujifunza habari yenyewe kabla ya kuondoka nyumbani, wala usitegemee kibao kikueleze. Tarehe 13 Septemba 1961, wakati Umoja wa Mataifa ulipoanza operesheni Morthor hapa Lubumbashi, iliyoitwa bado Elisabethville, jeshi la Katanga, jimbo lililokuwa limejitenga na Kongo, liliishambulia kambi ya askari 155 wa Ireland wa Umoja huo huko Jadotville, yaani Likasi ya leo. Vikosi vilivyotumwa kuwaokoa, vikiongozwa na afisa John Kane, vilijaribu mara mbili kulipita daraja la Lufira na mara zote mbili vikarudishwa kwa risasi. Tarehe 17 wale waliozingirwa, wakiwa wameishiwa na risasi na maji, wakajisalimisha. Mwanzoni mwa Januari 1963 askari wa Kihindi wa Umoja wa Mataifa, wakiongozwa na Brigedia Reginald Noronha, walikuta madaraja yameharibiwa, lakini safari hii wakavuka, na tarehe 3 wakaingia Jadotville. Kabla mwezi huo haujaisha, kujitenga kwa Katanga kulikwisha.

Hatua ya pili ni safari. Ondoka alfajiri, maana barabara ya Likasi ina urefu wa kilomita 120 hivi na malori huongezeka kadiri jua linavyopanda. Chagua kiangazi, kati ya Mei na Septemba, wakati ukingo umekauka na majani hayafichi miamba.

Hatua ya tatu nakusihi usiiruke: mwone kwanza chefu wa kijiji kilicho karibu, umsalimu, umweleze nia yako, ndipo umwombe kijana wa kukuongoza. Usitoe simu kupiga picha daraja kabla ya kuruhusiwa, kwa sababu askari huliona daraja kama mahali pa ulinzi.

Hatua ya nne ndiyo kiini cha ziara. Simama kwanza upande wa Lubumbashi, uutazame ukingo wa pili kwa dakika kumi. Utaona jinsi barabara inavyomlazimisha kila anayekuja kupita mahali pamoja pembamba, juu ya maji, bila pa kujificha. Hapo utaelewa kwa nini watu waliojificha ng'ambo waliweza kuzuia msafara mzima wa magari. Kisha vuka, utazame ulikotoka. Lori linapopita, utasikia mtikisiko katika nyayo kabla ya kusikia mlio wake. Mimi husimama upande wa pili kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu masimulizi mengi tunayosoma yameandikwa kutoka upande wa waliokuja, na wana wa nchi hii waliofia hapo hutajwa kwa nadra sana.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, je, daraja tunalolipita leo ndilo lile la 1961?
Jibu: Hapana, ndugu yangu, usilichukue hivyo, kwa kuwa madaraja yaliharibiwa mwishoni mwa vita. Kilichobaki vilevile ni mto na njia ya kuufikia.

Swali: Baba yangu mkubwa alikuwa jandarma, yaani askari wa jeshi la Katanga, na hapendi kuzungumzia mambo hayo. Naweza kumpeleka?
Jibu: Mpeleke akikubali mwenyewe, dada, na ukifika usimhoji. Mtafutie kivuli na kiti, ukae karibu naye. Akinyamaza, mwache anyamaze. Akisema, mwombe ruhusa kabla ya kuandika au kurekodi.

Swali: Nikiokota ganda la risasi, nije nalo nyumbani?
Jibu: Usiokote, wala usichimbe. Chuma cha vita kinaweza kuwa hai hata baada ya miaka 60. Kiache kilipo, uweke alama kwa tawi pembeni bila kukigusa, umwarifu chefu.

Swali: Watoto wanaweza kuja?
Jibu: Wanaweza, kuanzia umri wa kushika mkono na kutii, lakini wasiteremke majini.