Somo: Ipe pafyumu siku nzima kabla ya kuisifia

Wakuu, habari za jioni. Wengi tunasifia au kuponda pafyumu ya kiume kwa kunusa kifuniko cha chupa pale dukani. Hapo umenusa mwanzo wake tu.

Hatua ya kwanza: oga, usipake losheni yenye manukato, pulizia mara mbili mkononi. Usisugue.

Hatua ya pili ndiyo yenye kazi. Endelea na shughuli zako huku ukinusa na kuandika saa. Ndimu na limau huruka mapema, robo saa hivi. Hufuata maua na viungo. Mwisho hubaki miti, miski na ambari. Juzi nilijipulizia Acqua di Giò, ile iliyotoka mwaka 1996, nikawahi kivuko cha Kamanga hapa Mwanza asubuhi. Tukiwa bado gatini, ndimu ilikuwa inachoma pua. Tulipoteremka ng'ambo ilishakwisha, imebaki harufu ya bahari, ya maji ya chumvi ambayo ziwa letu halina. Saa tano, jua limewaka, mpaka nikandamize pua kwenye kiwiko ndipo niipate. Usiku nikavua shati, nikaikuta kwenye kola bado hai! Basi nikaandika: inafaa joto letu, ngozini haikai, nguoni inakaa. Tathmini ya namna hiyo inamsaidia mtu wa Igoma kuliko kumwambia "kali sana".

Hatua ya tatu: muulize mtu wa nyumbani kama bado unanukia. Pua yako huizoea harufu ukadhani imeisha, ukaongeza, ukawaumiza vichwa abiria wenzako kwenye daladala. Sauvage ya Dior imewatesa wengi hivyo. Kwa jua la Mwanza, mara mbili zinatosha kabisa.

Halafu rudia siku ya mvua.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, dizaina na nishi zinatofautianaje?
Dizaina ni za nyumba za mavazi, kama Chanel na Dior. Nishi ni za nyumba ambazo kazi yao hasa ni manukato, kama Amouage ya Oman, iliyoanzishwa 1983. Bei ya nishi iko juu, ila bei isikufumbe pua.

Kaka, nimeuziwa Creed Aventus elfu kumi na tano. Nimepigwa?
Umepigwa, ndugu yangu. Halisi huuzwa kwa malaki. Ukitaka yenye harufu inayoelekea huko kwa bei nafuu, tafuta Club de Nuit Intense Man ya Armaf. Hiyo inauzwa kwa jina lake yenyewe.

Nauza dagaa mwaloni Kirumba. Ipi itafunika shombo?
Hakuna, mkuu. Ukipulizia juu ya shombo unapata harufu ya tatu, mbaya kuliko zote mbili. Sugua mikono kwa limau, oga, badili shati, ndipo ujipulizie shingoni.