WhatsApp Business: hakikisha kwanza mteja amesevu namba yako

Rafiki yangu mwenye duka la mtandaoni alishaanza kuulizia gharama za matangazo ya kulipia, huku inboksi yake imejaa watu waliowahi kuuliza bei wakapotea. Nikamwambia hela ikae kwanza. Tulifuata hatua hizi.

1. Programu. Pakua WhatsApp Business, yaani WhatsApp ya wafanyabiashara, jaza profaili. Tumia laini ya biashara peke yake, maana namba moja haikai kwenye WhatsApp ya kawaida na ya biashara kwa pamoja. Achana na zile WhatsApp bandia zinazosifiwa kwa kutuma ujumbe kwa maelfu kwa mkupuo. Namba ikifungiwa, wateja wanaoijua wameondoka nayo.

2. Katalogi, yaani orodha ya bidhaa zako ndani ya programu. Inabeba bidhaa hadi 500, lakini anza na zinazoulizwa kila siku. Weka bei! "Bei njoo inboksi" ni kujipa kazi ya kujibu swali lilelile mchana na usiku. Kila bidhaa hukaguliwa kabla ya kuonekana, kwa hiyo usipakie dakika za mwisho kabla ya ofa.

3. Kiungo, mteja akikigusa anafunguliwa mazungumzo na wewe. Andika wa.me/ kisha msimbo wa nchi na namba, bila alama ya kujumlisha, bila sifuri ya mwanzo, bila nafasi. Kiweke Instagram, Facebook, kila mahali.

4. Orodha ya matangazo (broadcast list). Hapa ndipo penye kazi. Unaandika mara moja, ujumbe unakwenda kwa watu hadi 256, na kila mmoja anaupokea kana kwamba ameandikiwa yeye tu. Mimi naipenda kuliko kundi: kwenye kundi mmoja akilalamika wote wanasoma, na mshindani akijipenyeza anaondoka na namba za wateja wako.

Ila ina sharti lake: ujumbe unamfikia aliyesevu namba yako tu. Wewe kuwa na namba yake hakutoshi. Ndiyo maana mtu anatangaza ofa kwa watu mia mbili, wanajibu watatu, anaanza kushusha bei akidhani bidhaa haipendwi, kumbe ujumbe haukufika.

Kuhakiki, shikilia ujumbe uliotuma, fungua maelezo yake. Utaona waliofikiwa na waliosoma. Asiyeonekana usimhukumu siku hiyohiyo, huenda simu imezima au bando limekata. Mpe siku mbili tatu. Akiendelea kukosekana, huenda hajakusevu, au amekuzuia. Kama mliwahi kufanya biashara vizuri, mwandikie yeye binafsi.

Kumwomba mtu akusevu kuna wakati wake. Anayeuliza bei kwa mara ya kwanza hana sababu ya kukuweka kwenye simu yake. Mwombe baada ya mzigo kumfikia. Usimwandikie tarakimu, mtumie kadi ya mawasiliano, aguse na kuhifadhi. Kwenye kadi jina la biashara lifuatwe na unachouza, maana jina tupu, hata liwe zuri vipi, baada ya muda litamfanya ajiulize huyu ni nani. Mimi hutumia maneno haya:

"Habari, mzigo umefika salama? Hii kadi yangu, naomba uisevu ili ukitaka kubadilisha saizi unipate haraka. Bidhaa mpya natanguliza stetasi. Nikiwa na ofa nikujulishe?"

Usisahau na wewe kumsevu, kwa sababu stetasi huonekana pale tu ninyi wawili mmeseviana. Na akijibu hapana, au akikaa kimya, usimwingize kwenye orodha. Watu wakikuripoti mara kwa mara, WhatsApp inaweza kuifungia namba.

5. Lebo, yaani alama za kupanga mazungumzo ya wateja. Zilizopo zinatosha: mteja mpya, oda mpya, anasubiri kulipa, amelipa. Anayesubiri kulipa mkumbushe mara moja, kwa upole.

6. Sasa lipia. Tangazo la Facebook au Instagram linaweza kumleta mtu moja kwa moja kwenye WhatsApp yako. Tangaza bidhaa moja kwa bajeti ndogo, na wanaoingia kupitia hapo wape lebo yao. Wiki ikiisha hesabu waliolipa. Wale walioishia kwenye "mambo" usiwajumlishe.